Hifadhi ya Taifa ya Dengu

Haikuwa zamani, wala haikuwa mbali, ila jina la nchi yenyewe limenitoka. Msinikazanie nilikumbuke. Kumbukumbu yangu huwa mbovu kupita kiasi ninapoulizwa na watu wenye magari yasiyo na namba. Itoshe kusema ilikuwa nchi ya amani tele, na mtu akisema hana amani alikuwa anakamatwa palepale ili apewe.

Katika tambarare za nchi hiyo watu walilima dengu. Walizipanda mvua zinapoelekea ukingoni, kwenye ule udongo mweusi unaonata, ambao wao waliuita mbuga. Wakivuna, wanazianika juani mpaka ziwe kavu kabisa, ukiiuma moja ilie *ka!*, kisha wanazitia kwenye kihenge, lile ghala dogo la fito na udongo. Asiyekausha vizuri, dengu zake zinaota kuvu na kuliwa na fukusi, kile kidudu kinachotoboa punje na kuishi ndani yake kama mpangaji asiyelipa kodi. Hili lilijulikana na kila mtu, pamoja na watoto na mawaziri kadhaa.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha wakati wa mavuno, dengu nyingi zikaharibika. Halikuwa jambo la kushtua. Kilichoshtua ni kwamba Mtukufu Kiongozi wa Daima, Mlezi wa Mavuno na Mkwe wa Mikoa Yote, alikuta fukusi anaogelea kwenye mchuzi wake. Kwa miaka mingi Mtukufu alikuwa amewavumilia fukusi kwenye sahani za wananchi, tena kwa subira ya hali ya juu. Lakini subira nayo ina mwisho wake.

"Nitahutubia taifa!" akanguruma, na kijiko bado mkononi. "Mwiteni Nkwabi!"

Nkwabi alikuwa Mwandishi Mkuu wa Hotuba. Alizaliwa hukohuko tambarare, mtoto pekee wa mjane aitwaye Nyanzala, aliyemsomesha kwa dengu: dengu za ada, dengu za viatu, dengu za nauli. Naye Nkwabi alisoma kwelikweli, akasoma mpaka maneno ya kawaida yakaanza kumkera. Hakuwa anaanza jambo, alikuwa anaasisi mchakato wa awali. Mkewe akimwambia chakula tayari, anajibu, "Naafiki." Alikuwa na kipimo kimoja cha hotuba nzuri: mama yake akiielewa, anaichana.

Wizara ya Mazao ilimletea maelezo mafupi ya kumsaidia. Yalisema tu kwamba watu wakaushe dengu vizuri kabla ya kuzihifadhi, kisha wajengewe vihenge imara. Nkwabi aliposoma neno kihenge alikunja uso. Kihenge! Mtukufu asimame mbele ya mabalozi aseme kihenge, neno linalonuka samadi! Akajaribu ghala, akaliona lina panya. Akatafuna kalamu, akatazama dari, akaguna. Halafu lo, likamjia neno, laini, refu, lenye heshima zake: hifadhi. Akaandika, "Kuanzia leo, dengu zote za taifa ziwe katika hifadhi." Ile habari ya kukausha kwanza akaifuta, kwa sababu ilikuwa inaharibu mahadhi ya sentensi.

Hotuba ilipigiwa makofi mpaka mikono ya watu ikavimba. Na makofi hayo ndiyo yaliyomwamsha Mheshimiwa Tungaraza, Waziri wa Hifadhi, Wanyamapori na Vivutio, aliyekuwa amelala kiti cha mbele tangu wimbo wa taifa. Mheshimiwa huyu alikuwa na shida yake. Hifadhi zake zilikuwa zimebaki nyasi na vibao vya "Jihadhari na Tembo". Tembo wenyewe walishakwenda ng'ambo vipande vipande, na swala waliishia kwenye harusi za shemeji zake. Aliposikia neno hifadhi limetoka kinywani mwa Mtukufu, alisimama kama aliyekalia siafu.

"Mtukufu ametamka!" akasema. "Ametamka hifadhi. Na hifadhi katika nchi hii ni za wizara yangu. Dengu ni zangu!"

Waziri wa Mazao, mtu mpole asiyejua dunia, aliinua kidole. "Samahani, mimi nadhani Mtukufu alimaanisha ghala..."

Waliokaa karibu naye wakasogeza viti.

"Alimaanisha?" Tungaraza akauliza polepole. "Kwa hiyo ndugu yetu anatufundisha kwamba Mtukufu husema asichokimaanisha?"

Masikini, huyo Waziri wa Mazao sasa ni balozi wetu katika kisiwa ambacho bado kinatafutwa kwenye ramani. Lakini siku ile, kabla hajasindikizwa nje, Mtukufu mwenyewe aliingiwa na shaka kidogo. Akamgeukia mwandishi wake.

"Nkwabi, hebu nikumbushe. Niliposema hifadhi, nilimaanisha nini?"

Hapa ndipo jambo lote lingeweza kuisha. Nkwabi alijua vizuri alichomaanisha. Alimwona mama yake machoni, ameinama juu ya turubai anageuza dengu. Halafu akaliona gari lake lenye mapazia, nyumba yake ya serikali, na kile kisiwa kisichoonekana kwenye ramani. Ulimi ukaupiga moyo teke.

"Mtukufu," akasema, "ulimaanisha ulichokisema."

Watu wakacheka kwa furaha, wakapiga makofi tena. Nkwabi akainama kwa unyenyekevu, na jioni ile akapandishwa cheo.

Askari wa wanyamapori wakaingia tambarare na bunduki zao na kofia zile za upande mmoja. Walimkuta Nyanzala uani, dengu zake ndiyo kwanza ameanza kuzianika.

"Bibi, kusanya," askari mmoja akasema. "Zinakwenda hifadhini."

"Zinakwenda wapi, baba? Hazijakauka hizi. Bado zina maji. Hebu uma mwenyewe." Akampa moja. Askari akaiuma, ikabonyea bila mlio.

"Kweli zina maji," askari akakiri. "Lakini agizo halikusema zikaushwe."

Na kweli halikusema, mahadhi yalikuwa yamekataa. Nyanzala akazikusanya. Walipoingia ndani wakakuta na chungu cha mbegu, dengu zake bora alizochagua moja moja, zimekauka, zimechanganywa na majivu kama alivyofanya mama yake na bibi yake. Wakakibeba nacho.

"Hicho kiacheni jamani!" akapiga kelele. "Hicho ni mbegu! Msimu ujao nitapanda nini? Meno?"

"Agizo limesema dengu zote, bibi."

Majirani walilia, lakini Nyanzala akawatuliza. "Hotuba ile imeandikwa na mwanangu," akawaambia kwa kujidai kidogo. "Mtoto niliyemnyonyesha hawezi kuniandikia njaa." Watu wakamwamini, wakawapisha askari wabebe na vyungu vyao.

Mnasubiri niwaelezee ghala lililojengwa. Halikujengwa ghala! Nani ameona ghala hifadhini? Kilijengwa kibanda kikubwa cha makuti kilicho wazi pande zote ili watalii waone vizuri. Sakafu ikaachwa udongo mtupu, kwa kuwa mazingira ya asili hayabughudhiwi. Dengu zikamwagwa chini, mbichi juu ya kavu, na mbegu ya Nyanzala ikazama katikati ya lundo. Magunia machache tu yaliachwa yasimame kama mapambo. Nje pakawekwa mnara wa kutazamia, na bango: KARIBU HIFADHI YA TAIFA YA DENGU. USIGUSE. USIOKOTE. USIPIGE HONI, DENGU HUSHTUKA.

Mvua ikanyesha kwa upepo, makuti yakavuja, unyevu ukapanda kutoka chini. Lundo likaanza kupata joto na kunuka. Kuvu ya kijani ikatanda juu yake, na Mheshimiwa Tungaraza alipoletewa habari hiyo akatangaza kwamba uoto wa asili umeanza kurejea.

Kisha wakaja wenyewe. Mheshimiwa alikuwa juu ya mnara na darubini yake, anawaonyesha mabalozi lundo la dengu, mara akaona kitu kinatembea. Kisha viwili. Kisha lundo zima likawa linatembea.

"Wanyama!" akalia, na machozi yakamtoka. "Jamani, hifadhi yangu ina wanyama!"

Msimcheke. Mtu amekaa miaka chungu nzima ni waziri wa vibao, ghafla anapewa wanyama wasiohesabika, wasiong'ata, wasiofaa hata kuliwa na shemeji. Siku hiyohiyo fukusi alitangazwa kuwa nyara ya serikali. Redio ikasema ni hifadhi ya kwanza duniani ambayo wanyama wake wanaongezeka. Kila asubuhi taarifa ya habari ilianza na idadi ya fukusi, kisha habari za Mtukufu, kisha vifo. Dengu nazo zilizidi kupungua, lakini taarifa ziliziita malisho, na ni jambo la kawaida malisho kuliwa.

Ujangili ukapewa maana mpya. Kuanika dengu juani ni ujangili. Kuzifukiza moshi ni ujangili, kuzitia majivu ni ujangili wa kukusudia. Jirani yake Nyanzala, mzee wa watu, alikutwa na ungo mlangoni. Mwendesha mashtaka akamwuliza mahakamani huo ungo ni wa kupepetea nani, na mzee aliposema ni wa kupepetea dengu, hakimu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema hajawahi kuona mtu anakiri bila haya namna ile.

Nyanzala akafunga safari kwenda kwa mwanawe.

Nkwabi alimpokea ofisini, si nyumbani, maana nyumbani kulikuwa na wageni wa maana. Aliangalia kama mlango umefungwa vizuri ndipo akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbegu yangu inaliwa."

"Suala hilo, mama, liko katika hatua nzuri za utekelezaji."

"Liko wapi?"

"Katika hatua."

Nyanzala akamtazama. "Wewe mtoto, ulipokuwa na surua hukuniambia uko katika hatua. Ulisema, 'Mama, nakufa.' Nisikilize basi. Mvua ziko ukingoni. Udongo wa mbuga ukishapasuka nyufa, haupandiki. Nimekwisha kulima, nimebakiza mbegu. Bado zipo chache nzima kule katikati ya lundo, nimezichungulia. Tukizipata sasa tutapanda, tusipozipata mwaka huu kijiji kizima kitakula mizizi. Wewe ndiye uliyeandika hilo neno lao. Lifute, andika kihenge."

"Mama, neno la Mtukufu halifutwi."

"Si lake, ni lako!"

"Shh! Mama!" Nkwabi akaruka kwenda kuushika mlango. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Unataka waniue?"

"Nataka wanipe mbegu yangu," mama akasema. "Nilikusomesha kwa dengu, Nkwabi. Sikudai hata siku moja. Leo nadai."

Nkwabi aliona haya. Nasema haki yake, aliona haya kwa muda wote ambao mama yake alikuwa amekaa pale. Akamwahidi. Akamwambia arudi nyumbani akae tayari na jembe, katika hotuba ya Sikukuu ya Mavuno atamaliza kila kitu. Nyanzala akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambariki, akaondoka anafuta machozi kwa pindo la kanga.

Sasa, ingekuwa wewe au mimi, tungeandika, "Wakulima warudishiwe mbegu." Mtoto wa darasa la pili angeandika hivyo. Na ndiyo maana Nkwabi hakuweza. Sentensi ile ilikuwa wazi mno, ina watu ndani yake, na Mtukufu akiisoma angeonekana amebadilisha mawazo. Nkwabi alitaka neno lililo wazi kwa mama yake na fumbo kwa wakubwa, lipite katikati yao bila kumgusa mtu. Alitafuna kalamu tena, akatazama dari ileile. Na kweli akalipata. Lilikuwa neno la utoto wake, la ule udongo mweusi alioukanyaga peku. Akaandika, "Wakati umewadia kwa kilichomo hifadhini kurejeshwa mbugani."

Alifurahi peke yake mpaka akapiga meza. Mama ataelewa kwamba dengu zinarudi shambani, Mtukufu hatakuwa amefuta chochote, na Tungaraza hatakuwa na la kusema. Alijiona ameokoa watu kwa werevu mtupu, bila kulipa chochote.

Mtukufu akasoma. Kule tambarare wanawake waliosikiliza redio wakapiga vigelegele, Nyanzala akaenda kutafuta jembe. Lakini Mheshimiwa Tungaraza, ambaye siku hizi hakuwa analala tena, alishasimama.

"Mbuga!" akapaza sauti. "Mbuga za wanyama! Asante, Mtukufu! Wanyama wetu wamezaliana, hifadhi imewabana, nawe kwa huruma yako umewapa mbuga!"

Na kwa kuwa wananchi wenyewe, kwa vinywa vyao, tangu enzi na enzi, waliita mashamba yao mbuga, hapakuwa na ubishi wa kisheria. Tambarare yote ya udongo mweusi ikawa Mbuga ya Taifa ya Fukusi. Waliolima humo wakapewa jina jipya, wavamizi, na wakatakiwa wahame kabla ya kuwasumbua wanyama. Nkwabi alisikia hayo akiwa amesimama nyuma ya Mtukufu. Alifungua mdomo, akaufunga. Waliomwona walidhani anapiga miayo.

Siku ya kuwarejesha fukusi mbugani, jukwaa lilijengwa juu ya shamba la Nyanzala, kwa vile lilikuwa limelimwa vizuri na kusawazishwa. Palikuwa na bendi, mahema, na soda za viongozi. Watu wa kijiji waliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba. Mheshimiwa Tungaraza akahutubia kuhusu uhusiano wa damu baina ya taifa na fukusi, akasema yeye mwenyewe anajifunza mengi kutoka kwa mnyama huyu anayeingia mahali padogo na kutoka mnene. Hakukusudia mzaha, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Mtukufu akakata utepe. Magunia yaliyojazwa lile lundo yakafunguliwa, likamwagwa kwenye udongo mweusi. Ilitoka vumbi. Yalitoka maganda yenye matundu, kuvu, harufu ya kukaba koo, na fukusi, fukusi, fukusi. Bendi ikapiga wimbo wa furaha.

Nyanzala akapita chini ya kamba. Hakukimbia. Alikwenda moja kwa moja kwenye lundo, akapiga magoti, akaanza kuchambua. Anachota kwa viganja, anapuliza, anatazama. Vumbi linaruka, fukusi wanaruka. Hapa na pale anaokota punje moja nzima, anaifunga kwenye pindo la kanga. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama. Bendi nayo ikajikuta imenyamaza.

"Jangili!" Tungaraza akapiga yowe. "Anawapuliza! Anawapuliza wanyama mbele ya Mtukufu!"

Askari wakamkamata mikono. "Niacheni!" Nyanzala akasema. "Niacheni, muulizeni mwanangu. Yule pale juu. Mwanangu atawaeleza."

Mtukufu akageuza shingo, akawatazama waliokuwa nyuma yake mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta harufu inakotoka. Akamfikia mwandishi wake. "Nkwabi, wewe si mzaliwa wa huku? Unamfahamu bibi huyu?"

Kipaza sauti kilikuwa mbele yao, na hakuna aliyekumbuka kukizima.

Kwa mara ya kwanza maishani Nkwabi hakutafuta neno, lilikuja lenyewe.

"Ni mwananchi wa kawaida, Mtukufu," akasema.

Lilitoka kwenye spika zote, likafika mpaka nyuma ya kamba, likafika kule mbali kulikofungwa ng'ombe. Nyanzala alikuwa anahangaika mikononi mwa askari, akaacha kuhangaika. Alimtazama mwanawe pale juu, suti yake nyeusi, karatasi zake mkononi.

Askari aliyemshika alikuwa kijana wa watu, amelelewa, naye ana mama. Akalegeza mkono kidogo, akainama.

"Mama," akamnong'oneza, "kosa hili lina dhamana. Una mtu yeyote hapa wa kukudhamini?"

Nyanzala akafungua pindo la kanga, zile punje chache zikadondoka chini miguuni mwa askari.

"Sina," akasema.

Akapelekwa. Na huko juu jukwaani Nkwabi alipoona mama yake ameingizwa garini bila kulitaja jina la mwanawe, alishusha pumzi. Wallahi, alishusha pumzi ya raha.